Kazi Mbaya na Mchezo Mwema: Mapitio ya Cyberpunk 2077

Gemu ya Cyberpunk 2077 nimeinunua mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa Januari 2021, katika duka dogo la Kariakoo, ambako nilikuta boksi la njano lenye diski mbili za PlayStation 4 likiuzwa kwa bei ambayo, kwa gemu iliyokuwa haijamaliza hata miezi miwili sokoni, ilitosha kumtia mtu shaka. Muuzaji hakunificha kitu. "Kaka, wenzetu huko wanairudisha na kulipwa pesa yao," aliniambia, "mimi sina wa kumrudishia." Nikacheka, nikalipa. Mara ya pili ilikuwa mwaka 2024, toleo la PlayStation 5 pamoja na nyongeza yake, nikalipa zaidi ya mara mbili ya bei ile, na sikujutia hata shilingi.

Katikati ya manunuzi hayo mawili niliacha kazi. Kwa miaka minne nilikuwa mhariri wa video katika wakala mmoja wa matangazo hapa Dar es Salaam, na naamini kwamba kuacha huko ndiko kulikonifanya niitazame gemu hii kwa jicho ambalo sikuwa nalo mwanzo. Wahakiki wa mwaka 2020 walihesabu hitilafu zake moja baada ya nyingine, na walihesabu vizuri. Mimi nataka kuipima bidhaa pamoja na saa zilizoingia ndani yake, kwa sababu ni nadra kwa kazi ya ubunifu kuuzwa ikiwa imevunjwa na mikesha, kisha ikaundwa upya na kampuni ile ile baada ya kupewa muda, na mnunuzi akaweza kulinganisha hali zote mbili kwenye runinga yake mwenyewe.

Kwa asiyeijua, hii ni gemu ya kuigiza mhusika, inayochezwa kwa macho ya mhusika mwenyewe, ndani ya jiji la kubuni linaloitwa Night City katika jimbo la California mwaka 2077. Mchezaji anakuwa V, mamluki anayetaka jina, ambaye kwa bahati mbaya anaishia kuwa na kifaa kichwani chenye nafsi ya mwanamuziki mwasi aliyekufa miaka mingi nyuma, Johnny Silverhand, aliyeigizwa na Keanu Reeves. Nafsi hiyo inaila ya V polepole, naye V anatafuta namna ya kupona. Juu ya kila kitu yamesimama mashirika makubwa, Arasaka likiwa la kwanza, ambayo yamemiliki polisi, hospitali, vita na hata miili ya waajiriwa wao.

Kabla ya kuanza, mchezaji huchagua asili ya V: mhamahamaji wa jangwani, mtoto wa mtaani, au mwajiriwa wa shirika. Ninamshauri kila mtu aliyewahi kulipwa mshahara kwa kubuni vitu achague asili ya tatu. Tukio la kwanza ni V akiwa amejiinamia kwenye sinki la choo cha ofisi ya Arasaka, tumbo limemchafuka kwa presha ya kazi, akijitazama kwenye kioo na kujikusanya ili arudi kwenye dawati lake kana kwamba hakuna lililotokea. Kisha anaitwa na bosi wake, Jenkins, ambaye ametoka kudhalilishwa na bosi wake yeye, mwanamke aitwaye Abernathy. Jenkins anamkabidhi V kazi ya siri ya kumwondoa Abernathy duniani. Hamwombi wala hamuulizi kama anaweza. Anampa tu, kama mtu anavyopewa faili. V hajafika mbali kabla mpango haujagundulika, na walinzi wa shirika wanamfuata baa, wanamfuta kazi papo hapo, na vifaa vya shirika vilivyopandikizwa mwilini mwake vinazimwa akiwa ameketi kitini. Ngazi ya juu inampiga ya kati, ya kati inaipitishia kipigo ya chini, na aliye chini kabisa hana wa kumpitishia.

Sijaona mahali pengine, katika gemu yoyote niliyocheza, ambapo ofisi imechorwa kwa ukweli wa aina ile. Kila kitu kipo: vioo virefu, kahawa, wenzako wanaokuuliza hali huku macho yao yapo mlangoni. Na siwezi kulitazama tukio hilo bila kujiuliza walioliandika na kulichora walikuwa wametoka kazini saa ngapi jana yake.

Saa hizo zinajulikana kwa kiasi kikubwa. CD Projekt ni kampuni ya Warsaw, Poland, iliyoanza mwaka 1994 kwa kuuza diski za gemu za nje, na tawi lake la kutengeneza gemu, CD Projekt Red, lilianzishwa mwaka 2002. Jina lake lilipaa duniani mwaka 2015 kwa The Witcher 3, gemu iliyosifiwa karibu na kila aliyeigusa, na ambayo ilikamilishwa kwa kile ambacho watu wa fani hiyo hukiita kranchi: miezi mfululizo ya kufanya kazi usiku na wikendi ili kuiwahi siku ya kutoka. Mwaka 2017, wafanyakazi wa zamani walipolalamika hadharani kuhusu namna studio ilivyoendeshwa, uongozi ulijibu kwa tamko ambalo kiini chake kilikuwa kwamba namna yao ya kutengeneza gemu haimfai kila mtu. Nilipolisoma tamko hilo miaka kadhaa baadaye nilitabasamu, maana sentensi hiyo nimewahi kuambiwa kwa Kiswahili, neno kwa neno, na mtu aliyekuwa ameshika funguo za gari lake akielekea nyumbani saa kumi na moja jioni.

Cyberpunk 2077 ilitangazwa mwaka 2012, lakini kwa mujibu wa uchunguzi uliochapishwa na shirika la habari la Bloomberg Januari 2021, uliotokana na mahojiano na wafanyakazi zaidi ya 20 wa wakati huo na wa zamani, kazi yenyewe ilishika kasi mwaka 2016 tu. Onyesho la mwaka 2018 lililowashangaza waandishi wa habari huko Los Angeles lilielezwa katika uchunguzi huo kuwa karibu lote ni la kuigiza, lisilotokana na gemu iliyokuwapo, ingawa mkuu wa studio, Adam Badowski, aliyapinga maelezo hayo. Mwaka uliofuata Keanu Reeves alipanda jukwaani akatangaza tarehe, 16 Aprili 2020, ukumbi ukalipuka kwa shangwe. Ndani ya studio, uchunguzi huo unasema, watu waliitazama kazi iliyobaki na kukadiria kwamba gemu ingekuwa tayari mwaka 2022.

Makosa yote ya bidhaa hii yameanzia katika pengo hilo la miaka miwili. Tarehe haikutoka kwa wanaofanya kazi. Walipewa na jukwaa. Baada ya hapo kila kilichofuata kilikuwa ni kusukuma mbele: kutoka Aprili hadi 17 Septemba, kutoka Septemba hadi 19 Novemba, na mwishowe, wakati tayari wametangaza kwamba gemu imekamilika, hadi 10 Desemba 2020. Kila kusogezwa kulitangazwa kwa herufi nyeusi juu ya rangi ya njano, na kwa nje kulionekana kama hisani kwa wafanyakazi, kumbe kwa ndani kulirefusha mbio zile zile.

Mwezi Mei 2019 uongozi ulikuwa umeahidi hadharani kwamba kazi ya ziada haitakuwa ya lazima, na kwamba studio itakuwa na utu zaidi. Mwishoni mwa Septemba 2020 Badowski aliwaandikia wafanyakazi kwamba watafanya kazi siku 6 kwa wiki hadi gemu itoke, na kwamba yeye binafsi yuko tayari kupokea lawama zote za uamuzi huo. Haki isemwe: sheria ya Poland inataka saa za ziada zilipwe, na zililipwa, na kampuni ilieleza kwamba asilimia 10 ya faida ya mwaka ingegawiwa kwa wafanyakazi. Mwezi uliofuata, mkurugenzi mtendaji mwenza, Adam Kiciński, aliwaambia wawekezaji kwamba kranchi hiyo haikuwa mbaya kiasi hicho wala haijawahi kuwa. Baadaye akawaomba radhi wafanyakazi wake kwa barua pepe.

Katika yote hayo, linalonigusa zaidi ni ile kauli ya kupokea lawama. Ni kauli nzuri, na pengine ilitoka moyoni. Lakini lawama hailali saa tisa za usiku mbele ya skrini. Bosi anayesema "lawama ni zangu" anajitolea kubeba mzigo ambao hauna uzito, na kwa kitendo hicho anaufunga mdomo wa yule anayeubeba ule wenye uzito, kwa sababu utamlalamikiaje mtu aliyekwisha kukiri?

Pale kwetu mambo hayakuwa makubwa kama ya Warsaw, ila muundo wake ulikuwa huo huo. Tarehe iliahidiwa kwa mteja katika kikao ambacho hakuna mhariri, mchoraji wala mwandishi aliyeitwa, kisha ikaletwa kwetu kwenye kundi la WhatsApp ikiwa na alama ya mikono iliyoshikana. Bosi wetu alipenda kutuita familia, na alipenda zaidi methali ya kwamba kazi mbaya si mchezo mwema, ambayo kwake ilikuwa na maana kwamba anayelipwa kwa kuchezea picha na rangi hana haki ya kulalamika juu ya usingizi. Chipsi mayai zililetwa saa nne usiku, na chipsi hizo ndizo zilikuwa malipo ya ziada. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada zisizozidi 50 katika kila wiki 4, zilipwe kwa kiwango cha mara moja na nusu. Sheria hiyo hiyo inawaacha nje ya ukomo huo wasimamizi walio karibu na uongozi wa juu. Labda ndiyo sababu pale ofisini karibu kila mmoja wetu alikuwa na neno "mkuu" au "meneja" kwenye cheo chake, hata kijana aliyekuwa peke yake kwenye idara yake.

Katika kampeni moja ya mwezi wa Ramadhani, usiku wa tatu mfululizo, nilituma kituoni tangazo lenye sauti ya majaribio, sauti yangu mwenyewe niliyoirekodi kwa simu ili kupima urefu wa maneno. Lilirushwa mara 2 kabla ya mtu kushtuka. Asubuhi swali lililoulizwa lilikuwa moja tu: nani alikagua? Nililijibu, nikapewa onyo la maandishi, na hakuna aliyeuliza mtu aliyekagua alikuwa amelala lini. Tangu siku hiyo nikiona hitilafu katika kazi ya ubunifu, awali ya yote naona jicho lililochoka.

Basi na tuitazame bidhaa ya Januari 2021. Kwenye PlayStation 4 ya kawaida, gemu ilihitaji kwanza diski moja ya kupakia na nyingine ya kuchezea, kisha ikadai masasisho makubwa kiasi kwamba bando langu la mwezi liliisha kabla V hajatoka chooni. Nilipofanikiwa kuanza, sura za watu zilikuwa kama sanamu za mfinyanzi aliyeondoka kabla ya kumaliza, kisha baada ya sekunde kadhaa macho na nywele vilijitokeza. Barabara zilizooneshwa kwenye matangazo zikiwa zimejaa watu zilikuwa na wapita njia wachache. Magari ya mbali yalikuwa picha bapa zilizotoweka ukizikaribia. Ukivunja sheria hata juu ya paa la ghorofa, polisi walitokea nyuma ya mgongo wako kutoka hewani. Niliona mtu amesimama wima mikono ameinyoosha pande zote mbili, mkao ambao watengeneza gemu huutumia kabla ya kumpa mhusika mwendo wowote, akiwa katikati ya soko na wenzake wanampita. Gemu ilizimika yenyewe mara 11 katika wiki ya kwanza, na mara moja ilizimika wakati Johnny Silverhand anaeleza kwa hasira namna mashirika yanavyowatumia watu kama betri. Sikujua nicheke au nilie.

Wengine hawakucheka. Kabla ya siku ya kutoka, wahakiki walikuwa wamepewa toleo la kompyuta tu, na hawakuruhusiwa kutumia video walizorekodi wenyewe. Toleo la mashine za zamani, ambalo ndilo mamilioni ya watu wangelicheza, lilifichwa. Mkesha na ufichaji huwa vinakwenda pamoja, kwani aliyeshindwa kukamilisha kwa wakati lazima awe na namna ya kuzuia macho. Tarehe 17 Desemba 2020, wiki moja tu baada ya gemu kutoka, Sony iliiondoa kwenye duka lake la mtandaoni na kuwarudishia fedha wanunuzi, hatua ambayo kwa gemu ya ukubwa ule ilikuwa ya kushangaza. Haikurejea hapo hadi 21 Juni 2021. Marcin Iwiński, mmoja wa waanzilishi, alijitokeza kwenye video mwezi Januari kuomba radhi, na katika maelezo yaliyoambatana na video hiyo kampuni ilisema kwamba marekebisho yangefanywa bila kulazimisha kazi ya ziada.

Hata hivyo itakuwa ni kumdanganya msomaji nikimwambia kwamba mabosi waliadhibiwa na soko. Kufikia 20 Desemba 2020 nakala milioni 13 zilikuwa zimeuzwa, baada ya kutoa walioomba kurudishiwa fedha. Bonasi za wafanyakazi zilikuwa zimefungwa kwenye masharti, mojawapo likiwa gemu ipate wastani wa alama 90 au zaidi kutoka kwa wahakiki. Mambo yalipoharibika uongozi uliliondoa sharti hilo, na hilo ni la kushukuru. Lakini mgawo wa mwaka ulipofanyika, wajumbe 5 wa bodi ya uongozi waligawana takriban dola milioni 28 za Marekani, na wafanyakazi wengine zaidi ya 800 wakagawana kiasi kilichozidi hicho kidogo tu. Huko Marekani wawekezaji walioshitaki kwamba walipotoshwa walimalizana na kampuni kwa dola milioni 1.85. Mtu akiziweka hesabu hizo kwenye karatasi ataona kwa nini tabia hii haifi kwa mahubiri. Kwa daftari la bosi, mkesha ulilipa.

Sasa nije kwenye toleo nililolinunua mara ya pili. Februari 2022 lilitoka sasisho la 1.5 lililoileta gemu rasmi kwenye PlayStation 5; Septemba 2023 likatoka la 2.0, na siku chache baadaye, tarehe 26, nyongeza ya Phantom Liberty. Sasisho la 2.0 halikuwa kiraka. Mfumo mzima wa ujuzi wa V ulivunjwa ukajengwa upya, polisi wakaanza kukufukuza kwa magari kama polisi wa kweli, silaha zikawekwa kwenye magari, na namna ya kupandikiza vifaa mwilini ikabadilishwa ili kila uamuzi uwe na uzito. Jiji lilelile ambalo nililiona kama soko lililofungwa siku ya sikukuu likawa na watu, na mvua ikishuka usiku juu ya taa za mtaa wake wa Japantown ninajikuta ninaegesha gari ili nitazame tu. Kwa saa zaidi ya 90 nilizocheza toleo hili limezimika mara 2.

Teknolojia iliyo chini yake ni ile ile. Kampuni ni ile ile, ingawa watu kadhaa waliondoka na wengine wakaja. Kilichoongezwa ni takriban miaka mitatu, yaani muda ambao wale wa ndani walikuwa wameuona mapema kwamba hawana, na zaidi kidogo. Mtu anaweza kusema kwamba fedha za mauzo ya awali ndizo zilizonunua miaka hiyo, na ni kweli. Lakini hilo linathibitisha tu kwamba mnunuzi wa kwanza, pamoja na yule fundi wa usiku, ndio waliomkopesha bosi muda bila kuulizwa.

Phantom Liberty yenyewe ni kazi bora kuliko gemu mama. Inampeleka V kwenye eneo la Dogtown, lililozungushiwa ukuta na kutawaliwa na kanali muasi, ili kumwokoa rais wa nchi ambaye ndege yake imeanguka. Humo anakutana na jasusi Solomon Reed, aliyeigizwa na Idris Elba kwa utulivu wa kutisha. Reed aliuzwa na wakubwa wake miaka 7 nyuma, akaachwa kama maiti, akawa anaishi kwa jina la kificho; na anapopigiwa simu na watu wale wale, anarudi. Hakuna aliyemshurutisha. Anaamini bado kwamba kazi ni kubwa kuliko waliomtuma. Nimefanya kazi na akina Reed wawili au watatu, watu wenye vipaji kuliko sisi sote, ambao kila mara walipoapa kuondoka waliitwa kwa jambo la dharura na wakafungua kompyuta tena. Mazungumzo yake na V kuhusu utii ni maandishi mazito, na mwisho wa kisa hicho unategemea kama mchezaji amekubali au amekataa kumwelewa.

Kazi ndogo za pembeni nazo zinastahili sifa, hasa zile za Judy, fundi wa kumbukumbu za watu, na Panam, dereva wa jangwani, ambazo zimeandikwa kwa subira isiyopatikana kwenye baadhi ya sehemu kuu. Na hapo ndipo penye kovu ambalo sasisho halikuweza kulifuta. Baada ya utangulizi ule wa ofisini niliousifu, hadithi inaruka miezi 6: tunaoneshwa kwa video fupi ya haraka V akizoea mtaa, akipata marafiki, akifanya kazi zake za kwanza, kisha tunaambiwa twendelee. Urafiki wa V na Jackie, mamluki mwenzake, ambao ndio nguzo ya sehemu yote ya kwanza, unakua ndani ya video hiyo, mbele ya macho yetu lakini nje ya mikono yetu. Vivyo hivyo, asili uliyoichagua inabaki kuwa mistari ya mazungumzo hapa na pale. Mtu aliyetapika kwenye sinki la Arasaka anazungumza, baada ya saa moja, karibu sawa na aliyekulia mtaani. Sijui ukweli wa kilichotokea chumbani kwa waandishi, ila kama mhariri naitambua video ya namna hiyo: ni kitambaa kizuri kilichotandikwa juu ya shimo.

Kuna hoja ambayo nimeisikia mara nyingi, na ina nguvu kuliko wanavyokubali wanaoipinga. The Witcher 3 nayo ilitengenezwa kwa kranchi, na ni gemu nzuri ajabu. Kwa hiyo, wanasema, jasho ndilo lililoitoa. Bila mkesha kusingekuwa na ukuu. Ninakiri kwamba siwezi kuionesha The Witcher 3 nyingine iliyotengenezwa kwa saa za kawaida ili tuzilinganishe. Lakini ninachokiona ni kwamba mafanikio ya mwaka 2015 ndiyo yaliyowafundisha mabosi kutosikiliza. Katika uchunguzi wa Bloomberg, wafanyakazi walieleza kwamba walipouliza itawezekanaje kumaliza gemu kubwa zaidi na yenye teknolojia mpya kwa muda unaokaribiana na ule wa zamani, walijibiwa kwamba njia itapatikana mbele kwa mbele. Aliyevuka mto wenye mamba usiku akafika salama hujiona amejua mto.

Na waliovuka hawafiki wote. Julai 2023, wakati sasisho la 2.0 likikamilishwa, kampuni ilitangaza kwamba watu wapatao 100, karibu asilimia 9 ya wafanyakazi, wangepunguzwa kwa awamu. Miezi michache baadaye baadhi ya waliobaki walishirikiana na wenzao wa studio nyingine kuanzisha chama cha wafanyakazi wa fani ya gemu nchini Poland. Kwenye gemu, anayeasi dhidi ya shirika hubeba bomu hadi ghorofa za Arasaka. Hawa waliandika katiba na fomu za uanachama.

Kwa mnunuzi wa hapa kwetu, ushauri wangu ni huu. Mwenye PlayStation 4 asiinunue kwa bei yoyote, hata akiwekewa bure. Toleo hilo liliachwa bila sasisho la 2.0 na bila nyongeza, na litabaki kuwa kumbukumbu ya mwezi Desemba ule. Lakini mwenye PlayStation 5 yenye mdomo wa diski akiziona diski zile za njano mezani kwa bei ya kutupa, azichukue bila kusita, maana humpa haki ya toleo jipya bila malipo, mradi awe na intaneti ya kutosha kulipakua, nami napendekeza alifanye hilo usiku kwa bando la usiku au aende kwa rafiki mwenye intaneti ya nyumbani. Nyongeza atailipia kando. Anayetaka toleo kamili lililokwisha kutumika amuulize muuzaji kama Phantom Liberty ilitolewa kwa namba ya kupakulia, kwa kuwa namba iliyokwisha kutumika ni karatasi tu. Kwenye maduka ya mtandaoni bei hushuka mara kadhaa kwa mwaka, hivyo hakuna haja ya haraka.

Diski zangu za kwanza, kwa taarifa, niliziuza kwa hasara mwisho wa mwaka 2021 kwa kijana mwenye banda la gemu Mbagala. Miezi miwili baadaye toleo la PlayStation 5 likatoka bure kwa kila aliyekuwa nazo.